Kambria Haipo Nyanza

Mzee alikuwa amefika mbavuni. Kichwa cha mdudu kilikuwa kimeshatoka kwenye jiwe la waridi, macho mawili yametokeza, na sasa tupa ilipita taratibu mgongoni ikitenganisha pingili moja na nyingine. Simu aliyokuwa akiichungulia aliiegemeza kwenye karai la maji, kioo kimepasuka pembeni. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya trilobiti.

Hapo ni Tabaka, Kisii, nilikokwenda kuchukua bakuli na viboko wadogo wa mawe kwa ajili ya kibanda changu cha Kisumu. Mke wa mzee alikaa kando akisugua sahani kwa msasa uliolowa. Twiga, simba, kobe, watu waliokumbatiana: hayo nimeyazoea. Trilobiti sikuwahi kumwona pale. Oda ilitoka ng'ambo, mzee alisema. Mteja alituma picha kwa WhatsApp na anataka dazeni nzima.

“Mama, huyu mdudu aliishi huku kwetu?”

“Hapana, mzee. Aliishi baharini, zamani sana. Miaka milioni mia tano na zaidi.”

“Na wakati huo, huku kwetu kulikuwa na nini?”

Nikamwambia nitamtafutia jibu. Akarudi kwenye mbavu zake.

Njia nzima, Kisii mpaka Oyugis, Oyugis mpaka Ahero, mzigo ukiwa miguuni ndani ya matatu, swali lile halikuniacha. Wiki zikapita, viboko vikauzwa, swali likabaki. Mimi si mwanajiolojia. Nauza mawe, na mtu anayeuza kitu kwa miaka mingi huanza kutaka kujua kilitoka wapi kabla hakijamfikia. Nimekuwa nikisoma usiku, na haya ndiyo niliyoyapata, pamoja na pale ambapo bado nasita.

Kati ya Maragoli na Rusinga

Habari za Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, hazihitaji kurudiwa kwa msomaji wa huku. Mary Leakey, 1948, fuvu la Proconsul yule nyani wa kale, tumelelewa nazo. Kila mgeni anayepita kibandani kwangu akitaja visukuku, jibu letu la haraka ni kunyoosha kidole upande wa ziwa.

Ila mawe ya Rusinga yana umri wa miaka milioni 18 hivi. Trilobiti wa mwisho alikufa miaka milioni 252 iliyopita. Kwa hesabu za trilobiti, Rusinga ni jana asubuhi.

Geuka sasa upande wa pili. Panda Riat uelekee Maragoli, au nenda Seme ukasimame chini ya Kit Mikayi, au ushuke Ilesi kwenye barabara ya Kakamega ulitazame lile jiwe linalolia. Hiyo yote ni graniti, na umri wake ni kama miaka bilioni 2.5. Lava na mashapo ya kale ambayo graniti hiyo iliyapenya yana umri wa bilioni 2.7 hivi. Ni miamba ya kale kuliko karibu chochote ambacho mtu wa kawaida atawahi kukigusa, na watoto wa Vihiga huianikia nguo.

Kilichonisumbua ni katikati.

Kati ya bilioni mbili na nusu na milioni kumi na kitu, kuna nini? Kuna vilima vya Kisii, ambavyo ni vijana kuliko graniti ya Maragoli, na ndimo linamochimbwa jiwe la sabuni. Navyo pia vimeitangulia kwa mbali Kambria, kipindi ambacho trilobiti walitokea. Maana yake yule mzee wa Tabaka alikuwa akimchonga mnyama kutoka kwenye jiwe lililokuwepo kabla mnyama huyo hajatokea duniani. Nimewahi kumwambia mteja mmoja jambo hili nikidhani litamfurahisha. Akaniomba punguzo.

Baada ya vilima vya Kisii, hakuna kitu. Kambria ilianza kama miaka milioni 539 iliyopita ikaisha kama milioni 485, na magharibi mwa Kenya haikuacha hata tabaka moja la udongo wake. Wala vipindi vilivyofuata havikuacha. Enzi za samaki wa kwanza, enzi za misitu ya makaa ya mawe, enzi za dinosaria, zote hazipo. Kuelekea Koru na Songhor, mashapo yenye visukuku vya nyani wa kale yamekaa moja kwa moja juu ya miamba ya kale iliyopikwa na kukunjwa. Unaweza kuweka kidole kwenye mstari wanapokutana. Chini ya ukucha wako kuna mamia ya mamilioni ya miaka ambayo hayakuacha kitu.

Wengine walikuwa na nini

Labda nieleze kwa nini ukosefu huu uliniuma, maana mtu anaweza kusema: tumekosa na dhahabu ya Witwatersrand ya Afrika Kusini pia, na tunaishi.

Kabla ya Kambria viumbe walikuwepo, tena kwa muda mrefu sana, lakini wengi wao walikuwa vijidudu vya seli moja. Kuelekea mwisho, katika kipindi kinachoitwa Ediakara, wakatokea viumbe laini wakubwa kidogo, wengine wa umbo la jani, wengine bapa, bila mdomo unaoonekana, bila miguu. Namibia wanao, kwenye miamba ya kundi la Nama. Na huko huko Namibia kulipatikana Cloudina, mirija midogo ya chokaa iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine, mmoja wa wanyama wa mwanzo kabisa kujijengea ganda gumu. Kwa hiyo Afrika haikukosa kabisa. Ni sisi wa huku tuliokosa.

Kisha inakuja Kambria, na ndani ya miaka milioni ishirini na kitu bahari inajaa wanyama wenye ganda, miguu ya pingili, taya na macho. Yapo machimbo mawili ambayo kila anayesoma habari hizi huyafikia. La kwanza ni Burgess, kwenye milima ya British Columbia huko Kanada, alikofika Charles Walcott mwaka 1909. La pili ni Chengjiang, Yunnan, China, ambako Hou Xianguang alianza kupata visukuku mwaka 1984. Burgess ina umri wa miaka milioni 508, Chengjiang milioni 518. Kote kuwili hakukuhifadhiwa maganda tu, bali matumbo, mashavu ya kupumulia, hata alama za neva.

Opabinia wa Burgess alikuwa na macho matano na mkonga. Harry Whittington alipouonyesha mchoro wake kwa wanasayansi wenzake Oxford mwaka 1972, ukumbi uliangua kicheko. Hallucigenia, mnyama mwembamba mwenye miiba, alichorwa mwaka 1977 akiwa juu chini: miiba ilidhaniwa miguu. Ilichukua mpaka mwaka 1991, kwa msaada wa visukuku vya China, kumpindua akasimama vizuri.

Lakini kilichonigusa kuliko hao wote ni shimo.

Wanajiolojia walipokaa kuamua Kambria ianzie wapi hasa, walikubaliana mwaka 1992 kuweka mpaka kwenye mwamba wa Fortune Head, Newfoundland. Na hawakuchagua ganda wala jicho. Walichagua njia ya mnyoo, alama iitwayo Treptichnus pedum, iliyoachwa na mnyama asiyejulikana aliyechimba kwenye matope, akatokeza, akachimba tena. Mwili wake haupo. Kilichobaki ni ushahidi kwamba palikuwa na mtu wa kuchimba. Kabla ya hapo sakafu ya bahari ilikuwa imetandazwa utando mgumu wa bakteria, na karibu hakuna aliyeitoboa kwenda chini. Baada ya hapo kila mtu akaanza kutoboa. Hewa ikaingia kwenye tope, utando ukachakaa, na wale wa Ediakara waliozoea kulala juu yake wakapungua.

Mkulima yeyote wa Nyando anajua kazi ya nyungunyungu. Sikuwahi kufikiri kwamba dunia nzima iliwahi kuwa bila kazi hiyo.

Haikuwepo, au iliondolewa?

Jibu rahisi kwa swali la mzee ni hili: huku hakukuwa na bahari. Trilobiti ni mnyama wa chumvi. Kama hakuna bahari hakuna trilobiti. Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa nikiliona linatosha.

Halafu nikapita Sondu.

Anayeijua barabara ile anajua makorongo ya Katuk Odeyo, upande wa Nyakach. Ardhi imepasuka, kingo za udongo zimesimama wima, mashamba yameliwa na familia zimehama. Mvua ikinyesha, udongo ule unashuka kwenye mito, mito inashuka ziwani. Ukivuka daraja la Ahero baada ya mvua kubwa, Nyando ni chai ya maziwa. Nilikuwa nimeyaona makorongo yale tangu utotoni. Safari hii niliyaona nikiwa na swali kichwani, na swali likageuka: mtu akirudi hapa baada ya miaka milioni kumi, atajuaje kwamba palikuwa na udongo, na mahindi, na shule?

Kutokuwepo kwa tabaka hakuthibitishi kwamba halikuwekwa. Pengine liliwekwa, kisha likaondoka.

Tatizo hili linajulikana duniani kote. Sehemu nyingi, Marekani hasa, tabaka za Kambria zimekaa juu ya miamba ya zamani sana, na kati yake kumepotea mamia ya mamilioni ya miaka, mahali pengine zaidi ya bilioni. Charles Darwin mwenyewe, mwaka 1859, aliona kwamba wanyama wanatokea ghafla mno kwenye miamba ya chini kabisa yenye visukuku iliyojulikana enzi zake, akakiri kwamba jambo hilo ni pingamizi zito kwa nadharia yake. Alikisia kwamba kabla ya hapo palikuwa na viumbe vingi ambavyo havijaonekana. Katika hilo alikuwa sahihi, ingawa ushahidi ulichukua karibu miaka mia moja kukubalika.

Na hapa kuna kisa nisichoweza kukipita. Mwaka 1956, msichana wa miaka 15 aitwaye Tina Negus aliona alama ya jani kwenye mwamba wa Charnwood, Uingereza. Akamweleza mwalimu wake wa jiografia. Mwalimu akamjibu kwamba miamba ile ni ya kabla ya Kambria na haina visukuku, basi. Mwaka uliofuata mvulana wa shule, Roger Mason, akaiona alama ile ile, na habari ikawafikia wataalamu. Kiumbe kikaitwa Charnia masoni. Alama hiyo ndiyo iliyowashawishi watu kwamba kabla ya Kambria kulikuwa na viumbe wakubwa.

Jina la msichana halimo.

Kwa hiyo nikisema “magharibi mwa Kenya hakuna”, najua ninasema sentensi ya aina ile ile ya yule mwalimu. Tofauti ni kwamba hapa ramani za miamba zimechorwa tangu enzi za mkoloni, wilaya kwa wilaya, watu wakitafuta dhahabu ya Kakamega na Migori na kila walichoweza kukiuza. Walichimba kwa bidii ya mtu mwenye deni. Kama mashapo ya Kambria yangekuwepo, yangekuwa yameshakutwa. Naiamini sentensi yangu, lakini naisema kwa sauti ya chini kidogo.

Milima upande wa jua

Kilichonitoa kwenye ukuta huu ni kuacha kuitazama Nyanza peke yake.

Chini yetu, kuanzia Nyanza kushuka Tanzania ya kati, kuna bonge la ganda la dunia la kale lisilotikisika, linaloitwa Kratoni ya Tanzania. Mashariki yake, kuanzia Cherangani na Ukambani hadi Taita na kwenda mpaka Msumbiji, miamba ni tofauti kabisa: imepikwa, imekunjwa, imeminywa. Kati ya miaka milioni 650 na milioni 500 iliyopita, vipande vya mashariki na magharibi vya bara kuu la Gondwana viligongana hapo. India ilipoigonga Asia ilizaa Himalaya. Huku nako kulizaliwa milima.

Milima mikubwa. Wanajiolojia waliopendekeza wazo hili mwaka 2006, Richard Squire na wenzake, walikadiria mlolongo wa zaidi ya kilomita 8,000 kwa urefu na zaidi ya 1,000 kwa upana. Ukitaka kuona mabaki yake, usitafute vilele. Nenda Taita uangalie tsavoraiti, lile jiwe la kijani la thamani linalopatikana kule. Lilipikwa kina kirefu chini ya milima hiyo. Leo linaokotwa karibu na uso wa ardhi, maana kila kilichokuwa juu yake kimekwenda.

Kimekwenda wapi? Baharini.

Muda wa kumomonyoka kwa milima hiyo unaangukia pale pale, mwishoni mwa Ediakara na kuingia Kambria. Hoja yao ni kwamba mchanga na chumvichumvi zilizoshushwa, kalisi, fosforasi, chuma, ziliirutubisha bahari, zikampa mwani chakula, mwani akatoa oksijeni, na wanyama wakapata hewa ya kupumua pamoja na kalisi ya kujengea maganda.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilisimama nikatembea kidogo barazani. Jibu la mzee lilikuwa limebadilika sura. Huku kwetu kulikuwa na nini? Upande wa jua kulikuwa na milima, na sisi tulikuwa nyanda kavu kando yake, mawe matupu bila jani, maana mimea ya nchi kavu ilikuwa haijatokea. Mvua ikinyesha hakuna mzizi wa kuushika udongo. Ardhi ilifagiliwa, ikafagiliwa tena, kama ua wa mtu anayesubiri wageni. Vumbi lake ndilo, pengine, lililokuja kuwa mgongo wa trilobiti wa mbali.

Pengine.

Mbona nalipenda hili sana?

Usiku uliofuata nilianza kujishuku. Wazo hili linanipendeza mno. Linachukua kasoro ya kwetu na kuigeuza fahari: hatuna visukuku kwa sababu sisi ndio tuliolisha waliokuwa navyo. Ni maneno matamu ya mtu aliyekosa. Nimeuza vitu sokoni miaka mingi, na hadithi inayomfaa muuzaji kiasi hicho huwa naikagua mara mbili.

Basi nikaikagua.

Upo ushahidi unaoibeba. Bahari huweka kumbukumbu ya madini yanayoshuka kutoka mabara, na mojawapo ni strontiamu. Ina aina mbili zinazopimwa kwa uwiano, na graniti ya kale ina nyingi ya ile nzito. Kwenye chokaa cha bahari za Kambria uwiano huo umepanda juu sana, kati ya viwango vya juu kabisa katika historia yote ya bahari. Yaani mabara yalikuwa yakimomonyoka kwa nguvu. Pili, kuna punje za zirkoni, madini sugu ambayo hayafi njiani. Punje zenye umri wa milima ile zimekutwa kwenye michanga ya kale iliyotapakaa katika mabara mengi yaliyokuwa Gondwana.

Na kuna wazo la jirani. Mwaka 2012 Shanan Peters na Robert Gaines walipendekeza kwamba bahari ya Kambria ilipopanda na kufunika mabara yaliyokuwa yamechakaa kwa muda mrefu, ililamba mawe mabichi na kujichotea chumvichumvi kwa wingi, na wanyama wakaanza kutumia kalisi iliyozidi kujengea maganda. Wazo hili halihitaji milima yangu hata kidogo. Linahitaji mawe yaliyovuliwa nguo, na ya namna hiyo yalikuwa kila mahali.

Kisha kuna kizuizi ambacho mtu wa Kisumu hawezi kujifanya hakioni.

Nenda Dunga siku ya joto, upepo ukiwa umetulia. Ghuba ya Winam inapokea udongo wote ule wa Nyakach na Nyando, fosforasi ya mashamba na maji taka ya mji. Matokeo yake unayajua: gugumaji, na maji ya kijani kibichi kama rangi iliyomwagika, yananuka, na samaki wanakosa hewa. Hiyo ndiyo lishe kwenye maji. Mwani hula, hukua, hufa, na kuoza kwake humaliza oksijeni. Ziwa halijatoa mnyama mwenye macho matano kwa sababu ya rutuba.

Rutuba inaeleza wingi. Haielezi umbo.

Kwa nini jicho? Kwa nini taya? Wengine wanasema oksijeni ilivuka kiwango fulani, ikaruhusu miili mikubwa na yenye misuli. Wengine wanasema vinasaba vya kupanga mwili vilikuwa tayari vimekaa vikisubiri. Wengine wanaweka uzito kwa wala-nyama: mirija ya Cloudina kutoka China ina matundu yaliyotobolewa na adui, na mara mmoja anapoanza kutoboa, mwingine hana budi kujivika ganda, na wa tatu hana budi kuona mapema. Mimi naegemea upande huo wa mwisho kueleza macho na maganda, na naiachia milima kazi ya kupakua chakula. Si jibu safi. Ila nimechoka na maelezo yenye chanzo kimoja. Hata bei ya omena haina chanzo kimoja.

Bahati ya majivu

Kuna jambo moja ambalo lilinirudisha Rusinga kwa heshima mpya.

Tunawajua wanyama laini wa Burgess kwa sababu matope yaliporomoka ghafla yakawafunika mahali ambapo hakuna hewa ya kuwaozesha. Bila maporomoko hayo tungebaki na trilobiti na maganda machache, tukadhani Kambria ilikuwa na wanyama wagumu tu. Trilobiti wenyewe ni wengi kwenye miamba kwa sababu waliambua maganda kila walipokua: mnyama mmoja aliacha magofu kadhaa.

Volkeno ya Kisingiri, iliyosimama kando ya Rusinga, ilitoa majivu ya aina adimu, yenye kaboneti nyingi, yanayoganda haraka yakishalowa. Ndiyo maana Rusinga haikuhifadhi mifupa tu. Ilihifadhi matunda, mbegu, wadudu, hata viwavi, vitu ambavyo kwa kawaida havidumu hadi wiki ijayo.

Kwa hiyo ukiwaona wale viwavi umeona namna ya Burgess ikifanya kazi: mazishi ya haraka, kwa kitu kinachofaa. Sisi tulikosa mazishi ya Kambria tukapata ya Miosini, enzi ya mawe ya Rusinga. Moroko walipata ya Kambria, na leo mafundi wa huko wanachonga trilobiti kutoka kwenye mwamba, wa kweli na wa bandia, wakiwauzia watalii. Nikawaza kwamba mzee wa Tabaka ana washindani, na kwamba bandia yake ndiyo yenye heshima zaidi, maana hamwambii mtu kwamba ni ya kweli.

Ile bahari nyingine

Nilimaliza kwa kugundua kwamba kauli ya “huku hakukuwa na bahari” ni kweli kwa Kambria tu.

Miaka bilioni 2.7 iliyopita bahari ilikuwepo. Zile lava za kale za Nyanza, nyingine zilitoka chini ya maji. Na pamoja nazo, kwenye vilima vya Samia, kuna mwamba wa chuma uliopangika mistari: mstari wa chuma, mstari wa silika, chuma, silika. Waliouona wanasema ni mzito mkononi kuliko unavyotarajia. Abasamia walikuwa wahunzi wa sifa, na majembe yao yaliuzwa mbali pande zote za ziwa hili.

Chuma kile kilikuwa kimeyeyuka ndani ya bahari isiyo na oksijeni. Ili kianguke chini kama kutu, lazima kitu fulani kikioksidishe. Wengi wanadhani ilikuwa kazi ya bakteria: ama walitoa oksijeni, kama wanavyofanya jamaa zao wa leo, wale wanaoyageuza maji ya Dunga kuwa kijani, ama waliutumia mwanga wa jua kukishika chuma moja kwa moja, bila oksijeni kuwemo. Wapo pia wanaosema kemia tupu ingeweza kuifanya kazi hiyo. Mjadala haujaisha, na kwenye mawe ya Samia hakuna seli ya kumwonyesha mtu ukamaliza ubishi.

Kama ni bakteria, basi jembe la Samia limetokana na kazi ya viumbe walioishi hapa hapa, zaidi ya miaka bilioni mbili kabla ya trilobiti wa kwanza. Je, hicho ni kisukuku? Njia ya mnyoo wa Fortune Head imekubaliwa, nayo haina mwili. Sioni kwa nini mistari ya chuma ikataliwe bila kusikilizwa.

Nimempigia mzee simu kumweleza yote haya, na akanisikiliza kwa uvumilivu mkubwa. Kuhusu milima alisema, “Sawa.” Kuhusu bahari ya kale alisema, “Sawa.” Nilipofika kwenye chuma cha Samia akanikatiza: babu yake alikuwa na jembe la namna hiyo, na alitaka kujua kama jiwe lake linachongeka. Nikamwambia ni gumu mno, litamaliza tupa.

Sehemu ya chuma kile ni magnetiti, inashikwa na sumaku. Ninayo moja, niliitoa kwenye spika iliyokufa. Nangoja mwezi wenye mauzo mazuri nipate nauli ya Funyula, huko Samia.